SOMO KWA VIKUNDI: Kompyuta Imekuja Bila Windows, Tufanyeje?



Mara nyingi katika ukurasa huu tunazungumza juu ya mbegu, choo, maji safi na akiba. Safari hii tunazungumza juu ya kompyuta. Tunawaomba wale ambao hawajawahi kuigusa wasiruke ukurasa, kwa maana jambo lenyewe ni la pesa za kikundi.

Kikundi kimoja cha akina mama upande wa Malaba, wauzaji wa nafaka na samaki wakavu, kilipewa kompyuta ya mezani iliyokwisha tumika. Ilikuja na mfumo uitwao Linux Mint. Mtunza hazina, mama mwenye bidii sana, alionyeshwa na binti yake jinsi ya kuandika hesabu kwenye jedwali. Kwa muda wa miezi minane aliandika humo akiba ya kila mwanachama, mikopo na riba. Kitabu cha kalamu kikawekwa kando. Halafu mtu akawaletea flashi yenye programu ya hesabu. Wakabonyeza, ikakataa. Wakabonyeza tena, ikakataa. Fundi akaitwa, akasema, "Mama, hii kompyuta haina Windows, ndiyo maana. Leteni elfu mbili na mia tano niwawekee." Wakatoa. Jioni kompyuta ikarudi na Windows, na ile programu ikafunguka vizuri kabisa. Lakini hesabu za miezi minane hazikuwamo tena. Kuweka mfumo mpya kulifuta kila kitu kilichokuwa kwenye diski.

Tulikaa nao siku mbili chini ya mwembe, tukisoma vitabu vidogo vya wanachama na meseji za M-Pesa, mmoja mmoja. Mama mmoja alishikilia kwamba amemaliza mkopo wake wote. Wengine wakasema bado nusu. Hakuna aliyeiba hata senti moja, lakini watu waliangaliana kama wezi, na wawili wameacha kuja mikutanoni mpaka leo.

Yule fundi tusimwite mwizi. Alifanya alichojua. Ila hakuuliza swali moja dogo, na wenye kompyuta hawakujua kwamba wangepaswa kuulizwa. Kinachotuuma zaidi ni kwamba kazi waliyoitaka ingewezekana kwenye mfumo ule ule waliokuwa nao, bure, bila fundi, na bila kugusa hesabu zao.

Mfumo ni kitu gani?

Kompyuta ni chuma tu. Ili iweze kusikia unachobonyeza na kukuonyesha kitu, inahitaji programu kuu inayoongoza zote nyingine. Hiyo ndiyo tunaiita mfumo wa uendeshaji. Windows ni mfumo mmoja, na ndio walioujua wengi wetu kwa sababu ndio uliokuwa kwenye shule na saiba. Linux ni mwingine. Kiini chake kiliandikwa mwaka 1991 na mwanafunzi wa Finland, Linus Torvalds, naye akaruhusu watu wote waitumie, waiangalie ndani na kuirekebisha. Kutoka hapo zimetokea aina nyingi. Debian ilianza 1993. Ubuntu ilitolewa mara ya kwanza mwaka 2004, na aliyeianzisha ni Mark Shuttleworth, mzaliwa wa Afrika Kusini. Jina lenyewe ni neno la Kibantu, ndugu yake "utu" wa kwetu. Mwaka 2006 ikaja Linux Mint, ambayo imejengwa juu ya Ubuntu. Zote hizi ni za bure, hakuna leseni ya kununua.

Mkisikia haya msidhani ni vitu vya mbali. Simu yoyote ya Android iliyo mfukoni mwenu inaendeshwa na kiini hicho hicho cha Linux. Kwa hiyo wengi wenu mmekuwa mkitumia Linux miaka mingi, mkituma pesa na picha za harusi, bila kuitiwa fundi.

Kwa nini kompyuta za zawadi zinakuja hivi? Sababu ni mbili. Mwenye kutoa hufuta diski kwanza ili siri za ofisi yake zisitoke, na akiisha kufuta, Windows nayo huwa imekwenda. Pili, Windows 10 iliacha kutunzwa na Microsoft kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai vifaa ambavyo kompyuta nyingi za kabla ya 2018 hazina. Mashine bado ni nzima lakini mfumo mpya unaikataa. Linux Mint inaweza kukaa kwenye mashine yenye kumbukumbu ya gigabaiti 2, ingawa 4 ndiyo inayopendekezwa, na tukisema ukweli, kwenye 2 utasubiri sana.

Nyinyi watu wa mpakani mnaelewa jambo hili kuliko wengine. Ukivuka daraja pale Malaba, au ukipita kituo cha pamoja cha Busia kilichofunguliwa rasmi Februari 2018, ng'ambo unakuta mahindi ni yale yale, maharagwe ni yale yale, hata lugha ni ile ile, Kiteso kwa Kiteso, Kisamia kwa Kisamia. Lakini noti za Kenya ukizitoa dukani, muuzaji anaweza kukutuma kwanza kwa wabadilishaji. Programu ya Windows ndani ya Linux ni kama noti hiyo. Haikuharibika, ila hapa haitumiki.

Basi mkipewa flashi, angalieni mwisho wa jina la faili. Likiisha na .exe au .msi, hiyo ni ya Windows. Kwenye Linux kama Mint na Ubuntu, faili ya programu huisha na .deb. Kuna programu iitwayo Wine ambayo huwezesha baadhi ya programu za Windows kufunguka ndani ya Linux. Ipo, na wengine wanaisifu. Kwa hesabu za pesa za watu sisi hatuipendekezi, maana leo inaweza kufunguka na kesho ikakataa.

Kabla ya kugusa chochote

Hapa tunaomba mwenyekiti asome kwa sauti.

Kabla kompyuta ya kikundi haijaguswa na fundi, kijana wa saiba, mfadhili au padre mwenyewe, hesabu zote zinakiliwe kwenye flashi mbili. Moja akae nayo mtunza hazina, nyingine akae nayo mtu wa nyumba nyingine, kwa sababu moto au mvua haichagui. Baada ya kunakili, chomekeni flashi kwenye kompyuta nyingine mfungue faili kwa macho yenu. Tumewahi kuona flashi iliyobeba jina la faili tu, ndani hamna kitu. Na kitabu cha kalamu kiendelee. Kompyuta inajumlisha haraka na haichoki, lakini kitabu hakihitaji umeme na kila mama anaweza kukiona akiweka sahihi yake.

Yule mama wa Malaba hakukosa akili wala bidii. Alikosa flashi mbili.

Jambo la pili: kuna tofauti kubwa kati ya kuweka programu na kuweka mfumo. Kuweka programu, au kama wengine wanavyosema kusakinisha, ni kama kuleta kiti kipya nyumbani. Vitu vingine vinabaki mahali pake. Kuweka mfumo mpya mara nyingi ni kubomoa nyumba na kujenga upya. Wakati wa kuweka mfumo hutokea swali kwenye skrini likiwa na maneno "Erase disk", maana yake futa diski yote. Mtu akibonyeza hapo na kuendelea, yaliyokuwamo yamekwenda. Kwa hiyo fundi akisema "nitawawekea", muulizeni: unaweka programu au unaweka mfumo? Akisema mfumo, muulizeni faili zetu ziko wapi sasa hivi. Asipoweza kuwaonyesha flashi, kompyuta isiondoke.

Duka lililo ndani ya kompyuta

Sasa tuweke programu. Kosa la wengi wanaotoka Windows ni kutafuta programu huku na huku kwenye intaneti, kushusha faili na kuibonyeza. Kwenye Linux hatuanzi huko. Tunaanza dukani, na duka liko ndani ya kompyuta yenyewe. Wenye simu za Android wanajua Play Store. Linux Mint ina lake, linaitwa "Software Manager". Ubuntu 24.04 nayo ina la kwake, "App Center". Kazi ni ile ile.

Kwanza jueni mna mfumo gani. Fungueni dirisha la amri, lile jeusi liitwalo "Terminal", mwandike hivi na kubonyeza Enter:

cat /etc/os-release

Amri hii inasoma tu, haibadilishi kitu. Mtaona jina na namba. Namba za Ubuntu ni rahisi: 24.04 ni mwaka 2024, mwezi wa 4. Linux Mint inahesabu kwa namna yake, Mint 22 imejengwa juu ya Ubuntu 24.04 na itatunzwa hadi 2029. Namba ikiwa ya zamani sana, kwa mfano Ubuntu 14.04, matunzo yake ya kawaida yamekwisha. Hapo ndipo mfumo mpya unahitajika kweli, nanyi mnajua tayari habari ya flashi mbili.

Tuchukue mfano. Kikundi chenu kina posho mill na mkopo wa benki, na jedwali la kawaida limeanza kuwashinda. Mnataka GnuCash, programu ya hesabu ya bure ambayo huandika kila shilingi mara mbili, ilikotoka na ilikokwenda, na inazijua shilingi za Kenya. Unganisheni kompyuta na intaneti. Kwa kawaida mnatumia simu: washeni hotspot, au chomekeni simu kwa waya wa USB na kuruhusu mtandao upite. Waya ni bora kwa kompyuta za mezani, maana nyingi hazina Wi-Fi. Fungueni "Software Manager", andikeni GnuCash mahali pa kutafuta, bonyezeni jina lake, halafu "Install". Itataka neno la siri. Andikeni, kisha subirini.

Kabla ya kubonyeza "Install", tazameni kitu kimoja ambacho kitawaokolea bando. Programu nyingine zina matoleo mawili pale dukani: moja imeandikwa "System Package", nyingine ni ya Flatpak na husomeka "Flathub". Ya kwanza hutumia vifaa ambavyo kompyuta tayari inavyo. Ya pili hubeba vifaa vyake yenyewe, kama mgeni anayekuja na sufuria na kuni zake, na mara ya kwanza inaweza kuwadai mamia ya megabaiti. Mkiwa na Wi-Fi ya parokia au ya shule, si neno. Mkiwa na bando la shilingi hamsini, chagueni "System Package".

Kabla ya kufikiria GnuCash, hata hivyo, jiulizeni kama mnaihitaji. Linux Mint huja tayari na LibreOffice, ambayo ina sehemu ya barua, sehemu ya majedwali iitwayo Calc, na nyinginezo. LibreOffice ilizaliwa 2010 kutoka OpenOffice, ile ambayo watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliifanyia tafsiri ya Kiswahili na kuitoa mwaka 2004 kwa jina la Jambo OpenOffice. Kwa kikundi cha watu ishirini wa mzunguko na mikopo midogo, Calc inatosha kabisa. Inafungua faili za Excel, na mkihifadhi kwa aina ya .xlsx, ofisi yenye Windows itaifungua pia. Tungependelea mtunza hazina anayeijua Calc vizuri kuliko yule mwenye GnuCash asiyoielewa. Tumeona vikundi vinakimbilia programu kubwa kama vile ukubwa wa programu utaleta uaminifu.

Wale wanaotumia dirisha la amri wanaweza kufanya kazi hiyo hiyo kwa mistari miwili:

sudo apt update
sudo apt install gnucash

Mstari wa kwanza hauweki kitu. Unaleta orodha mpya ya bidhaa za duka. Msiuruke. Orodha ikiwa ya zamani, kompyuta inakwenda kutafuta kitu mahali ambapo kimeshahamishwa, nanyi mnaona "404 Not Found" na kufikiri mashine imekufa. Mstari wa pili ndio unaoleta programu. Itawaambia ukubwa wake, itauliza Y au n. Ukibonyeza Enter umekubali. Someni ule ukubwa kwanza mkiangalia salio la bando.

Mtashangaa kwamba mliomba kitu kimoja na vinakuja kumi. Ni sawa. Programu za Linux zinategemeana. Ukiomba ugali, duka linaleta unga, maji na mwiko, lakini kama mwiko upo nyumbani halileti wa pili. Ndiyo sababu kubeba faili moja ya .deb kutoka saiba kwa flashi hadi kwenye kompyuta isiyo na mtandao mara nyingi hukwama: mmebeba unga bila maji. Afadhali kuibeba kompyuta yenyewe hadi penye mtandao. Ndiyo, juu ya boda boda, ikiwa imefungwa kwenye blanketi. Tumeziona zikifika salama kutoka Amagoro.

Neno la siri ni sahihi ya kikundi

Neno "sudo" pale mwanzo wa amri maana yake: nafanya hili kwa mamlaka ya mwenye nyumba. Ndiyo maana linadai neno la siri. Kwenye Mint mnapoandika neno hilo mtaona vinyota, lakini kwenye Ubuntu 24.04 hamtaona chochote, hata nukta. Wengi hudhani kibodi imekufa na kubonyeza kwa nguvu. Andikeni tu, bonyezeni Enter.

Lichukueni neno hilo kama sahihi za benki. Akaunti ya kikundi haifunguliwi na mtu mmoja anayepita njiani, si ndiyo? Basi wawili walijue, mtunza hazina na katibu, na liandikwe kwenye karatasi, liwekwe ndani ya bahasha iliyofungwa pamoja na hati za usajili. Fundi akilihitaji, yeyote kati ya hao wawili aliandike mwenyewe huku anatazama.

Kwa nini tunasisitiza duka la ndani? Programu zinazotoka kwenye duka rasmi la Mint au Ubuntu hukaguliwa muhuri wake kabla hazijaingia. Kompyuta yenyewe hufanya ukaguzi huo, hamuoni. Lori lisilo na karatasi linabaki kwenye foleni pale Malaba, na nyinyi mnaijua foleni ya Malaba. Lakini mtu akikupa amri aliyoiona mahali na kusema "nakili tu, itafanya kazi", halafu ukaiandika kwa sudo na neno la siri, umeinua kizuizi mwenyewe na lori limepita bila kukaguliwa. Amri usiyoweza kumweleza mwenzako maana yake, usiiandike.

Kwa sababu hiyo hiyo hatuungi mkono Windows ya wizi. Zile zinazouzwa kwa bei ya soda hufunguliwa kwa vifaa vya kuvunja leseni, na vifaa hivyo mara nyingi hubeba virusi. Pia ni kinyume cha Sheria ya Hakimiliki ya 2001. Na tukumbuke ndani ya kompyuta ya kikundi mna majina, namba za vitambulisho na namba za simu za watu. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kuyatunza hayo ni wajibu. Msiache faili hizo kwenye kompyuta ya saiba baada ya kuchapisha.

Mambo yanayokwama, na dawa yake

Tatizo tunalolikuta zaidi kwenye kompyuta za zawadi halihusu Linux hata kidogo. Ni betri. Ndani ya kompyuta ya mezani mna betri ndogo ya duara, kama ya saa, imeandikwa CR2032. Kazi yake ni kutunza saa na tarehe umeme ukizimwa. Kompyuta ikiwa ya miaka kumi betri hiyo huwa imekufa, na kila ukiwasha asubuhi kompyuta inaamini tuko mwaka ambao tulishautoka zamani. Sasa ile mihuri ya programu ina tarehe. Kompyuta inayodhani ni mwaka 2012 inaona muhuri wa mwaka huu, inasema huu ni wa siku zijazo, siuamini, na inakataa kupokea orodha. Hata kurasa za intaneti zinakataa kufunguka zikilalamika juu ya usalama. Watu hubadilisha modemu, hununua bando lingine, huita fundi wa mtandao. Tazameni saa pale chini kwenye kona ya skrini! Rekebisheni tarehe, jaribuni tena. Kisha nunueni betri kwa fundi wa saa sokoni, kompyuta ikiwa imezimwa na waya wa umeme umechomolewa kabla ya kuifungua.

La pili ni umeme kukatika katikati ya kuweka programu. Umeme ukirudi, kila mnachojaribu kuweka kinakataa, na kuna maneno "dpkg was interrupted". Msiogope wala msiweke mfumo upya. Kompyuta yenyewe inawaambia amri ya kuandika:

sudo dpkg --configure -a

Inamalizia ilipoachia. Bando likiisha katikati ni jambo dogo zaidi. Nunueni lingine mrudie amri ile ile, na kwa kawaida yaliyokwisha kushuka hayashushwi tena.

Mara nyingine mtaona maneno "Could not get lock". Maana yake kuna mwingine yuko dukani. Mara nyingi ni kompyuta yenyewe inayojisasisha kimyakimya. Subirini dakika kumi, kunyweni chai. Kuizima kwa nguvu ndiko kunakoharibu.

Juu ya kusasisha: mara ya kwanza baada ya kupokea kompyuta, masasisho yanaweza kuvuka gigabaiti moja. Msifanye kwa bando la kikundi. Tafuteni Wi-Fi, mfanye yote siku moja.

Barua zenu zikionekana na herufi tofauti kidogo, ni kwa sababu Times New Roman ni mali ya wengine na haimo. LibreOffice hutumia Liberation Serif, ambayo upana wa herufi zake umelinganishwa na ile, kwa hiyo kurasa hazivurugiki. Printa ndiyo ya kuangalia zaidi. Nyingi zinakubali zenyewe mkichomeka, chache zinakataa kabisa. Kabla ya kununua printa ya mtumba, ombeni kuijaribu na kompyuta yenu pale pale dukani.

Na programu msiyoitaka? Rudini kwenye duka lile lile, mtafute jina, mbonyeze "Remove". Faili zenu za hesabu zinabaki. Hili linawapa uhuru wa kujaribu, nasi tunawahimiza vijana wa kikundi wajaribu, mradi flashi mbili zipo.

Je, Windows ni dhambi?

Tuliulizwa hivyo Busia, na watu wakacheka. Hapana. Kama kikundi kinahitaji programu inayopatikana kwa Windows tu, kwa mfano mashine ya kushona nembo iliyouzwa pamoja na programu yake, basi nunueni leseni halali na muiweke kwenye bajeti kama mnavyoweka mbolea. Na kama mtunza hazina wenu ametumia Excel miaka kumi na moyo wake uko huko, msimvunje moyo kwa ajili ya kuokoa pesa kidogo. Lakini kwa barua, hesabu, taarifa ya M-Pesa iliyokuja kwa barua pepe, na kufungua eCitizen, mfumo uliokuja na zawadi unatosha.

Kuna njia pia ya kujaribu Linux bila kugusa diski. Inawekwa kwenye flashi maalumu, kompyuta inawashwa kutoka kwenye flashi hiyo, mnaiona na kuitumia, na mkizima na kuichomoa, kompyuta inarudi ilivyokuwa. Mradi msibonyeze ile picha ya "Install" iliyo kwenye skrini. Kikundi kilicho na Windows ya zamani kinaweza kuonja hivyo kwanza.

Maswali ya kuzungumza kikundini

Yule mama aliyesema amemaliza mkopo, na wale waliosema bado: kama mngekuwa wazee wa kikundi kile, mngeamuaje bila maandishi?

Hesabu za kikundi chetu ziko wapi leo hii, saa hii? Nani anaweza kuzionyesha kabla mkutano haujafungwa?

Ni nani kati yetu anajua neno la siri la kompyuta, na akisafiri kwenda Kampala wiki mbili tutafanya nini?

Tumewahi kumlipa fundi kwa kazi ambayo hatukuielewa? Tuliogopa kuuliza nini?

Vikundi vitakavyobeba kompyuta zao kuja ofisini kwetu kwa mafunzo, njooni na mtunza hazina mwenyewe, si mwanawe peke yake. Njooni na flashi mbili, waya wa umeme na kitabu cha kalamu.